Amana ya Ploti kwa Pesa za Mkopo: Deni Lina Saa Yake, Ardhi Ina Yake

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha elimu kwa umma kuhusu ununuzi wa ardhi na nyumba



Kikao cha leo kina swali moja. Mtu amepata ploti au nyumba inayomfaa. Bei wameelewana. Muuzaji anataka amana, yaani dipositi, na mnunuzi hana pesa hizo mkononi. Ana kadi ya mkopo ya benki, na simu yake inamwambia anaweza kukopa. Je, alipe amana kwa mkopo huo?

Sheria haimkatazi. Lakini kabla hajabonyeza kitufe, inafaa aelewe jambo moja: deni la kadi au la simu lina saa yake, na shughuli ya ardhi ina saa yake. Saa ya deni huenda mbio. Saa ya ardhi huenda polepole. Anayelipa amana kwa mkopo wa muda mfupi amesimama katikati ya saa hizo mbili, na hapo ndipo wengi huumia.

Kadi ya mkopo si kadi ya kawaida

Kuna kadi ya kawaida ya benki, ambayo hutoa pesa za mwenyewe zilizo kwenye akaunti. Kuna na kadi ya mkopo, ambayo hutoa pesa za benki hadi kiwango ambacho benki imemruhusu mteja. Zinafanana kwa macho, hazifanani kwa gharama.

Mtu akinunua bidhaa dukani kwa kadi ya mkopo, benki nyingi humpa wiki kadhaa bila riba, mradi alipe deni lote kufikia tarehe iliyoandikwa kwenye taarifa yake. Asipolipa lote, riba huanza, nayo huhesabiwa kwa mwezi.

Sasa, wauzaji wengi wa ardhi hawana mashine ya kadi. Mwenye shamba anataka pesa kwenye akaunti ya wakili au kwa hundi ya benki. Kwa hiyo mnunuzi huenda ATM na kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo. Hapo nafuu ya wiki bila riba kwa kawaida haipo. Anakatwa ada ya kutoa pesa, na riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Isitoshe, akitapeliwa, hawezi kuiambia benki kwamba alichonunua hakikufika, kwa sababu alichonunua kwa kadi ni pesa, na pesa alizipata.

Mikopo ya simu nayo imeundwa kwa muda mfupi. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa anayeongeza stoki ya duka na kuiuza ndani ya wiki mbili, huenda hesabu hiyo ikamfaa. Kwa ardhi, siku 30 hazitoshi hata kumaliza makaratasi.

Hesabu ya ploti moja

Chukulia mfano wa ploti ya Sh1,200,000. Amana ya kawaida katika mikataba ya ardhi hapa Kenya ni asilimia 10, yaani Sh120,000. Mnunuzi anazitoa kwa kadi ya mkopo inayotoza, kwa mfano, asilimia 3 kwa mwezi. Kila benki ina kiwango chake, na kila mkazi asome chake, lakini hesabu huenda hivi.

Mwezi wa kwanza riba ni Sh3,600, bila kuhesabu ada ya kutoa pesa. Mnunuzi akilipa riba hiyo tu kila mwezi, baada ya mwaka mmoja atakuwa amelipa Sh43,200 na bado anadaiwa Sh120,000 zilezile. Akijikaza na kupunguza deni kwa Sh10,000 kila mwezi pamoja na riba, atamaliza kwa mwaka mmoja akiwa amelipa riba ya Sh23,400.

Mtu huyohuyo akichukua Sh120,000 kwenye sacco inayotoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, na kulipa kwa kasi ileile, riba yake kwa mwaka ni Sh7,800. Ploti ni ileile, amana ni ileile. Tofauti ni Sh15,600, ambazo zingelipa sehemu nzuri ya gharama zinazofuata.

Na gharama hizo zipo. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ardhi ya mjini. Kwa ploti hii ni Sh24,000 au Sh48,000. Kuna ada ya wakili, kuna mpima ardhi wa kuthibitisha mipaka. Aliyemaliza nguvu zake zote kwenye amana atakwama hapa.

Saa mbili

Mkataba wa kawaida wa kuuza ardhi humpa mnunuzi takriban siku 90 kumaliza malipo. Muda huo una sababu zake. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Bodi hukaa kwa ratiba yake. Bila idhini hiyo, mauzo ni batili. Muuzaji aliyeoa au kuolewa anahitaji kibali cha mwenzake pale sheria inapotaka. Kodi ya ardhi inayolipwa kaunti lazima iwe imelipwa na cheti kutolewa. Kila karatasi ina foleni yake.

Wakati haya yakiendelea, deni la kadi limeshadai mara tatu. Mkopo wa simu wa siku 30 umeiva, umeongezwa muda, umeiva tena.

Basi na afikirie yanayoweza kutokea. Bodi ikikataa kutoa idhini, sheria inamruhusu mnunuzi kudai pesa zake kama deni. Lakini kudai ni safari, pengine hadi mahakamani, na mkopeshaji hasubiri hukumu. Naye mnunuzi mwenyewe akishindwa kumaliza malipo, muuzaji humpa notisi, mara nyingi ya siku 21, na muda huo ukipita, mkataba wa kawaida humruhusu kuuvunja na kubaki na amana. Mnunuzi hapo amekosa ploti, amekosa Sh120,000, na deni bado liko palepale likizaa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Asilimia 90 zilizobaki

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulisahau. Amana ni sehemu moja tu kati ya kumi. Katika mfano huu bado kuna Sh1,080,000 za kutafuta, na wengi huzitafuta benki au sacco. Mkopeshaji huyo wa pili ataangalia madeni yaliyopo. Kwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara. Kila shilingi inayokwenda kwa deni la kadi inapunguza uwezo wa kukopa kiasi kikubwa.

Mkopeshaji pia ataangalia ripoti ya CRB. Aliyechelewesha deni la kadi kwa ajili ya kulipa amana anaweza kunyimwa mkopo wa kumalizia ploti ileile aliyokopea. Kwa kanuni za 2020, kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake ya CRB bila malipo mara moja kwa mwaka. Mkazi anayepanga kununua ardhi aitafute kabla ya kutia sahihi popote.

Lini kadi inaweza kufaa

Si haki kusema kadi haifai kamwe. Inaweza kumfaa mtu ambaye mambo manne yametimia pamoja. Kwanza, muuzaji anapokea kadi moja kwa moja, bila mnunuzi kutoa pesa taslimu na bila kuongezewa bei. Pili, pesa za kulipia deni zina tarehe inayojulikana, kwa mfano mkopo wa sacco ulioidhinishwa kwa maandishi, na tarehe hiyo iko ndani ya muda usio na riba. Tatu, ukaguzi wa ardhi umeshafanywa. Nne, mkataba unasema wazi amana itarudishwa lini na katika hali gani. Likikosekana moja, kadi ibaki mfukoni.

Njia nyingine za kupata amana

Sacco ndiyo njia ambayo wakazi wengi wanaijua. Ni ya polepole, lakini upole huo unalingana na mwendo wa ardhi. Wanaotaka nyumba za mpango wa serikali wanaweza kuweka akiba ya amana kidogo kidogo kupitia Boma Yangu. Na tangu 2020, mwanachama wa mpango wa pensheni anaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isiyozidi Sh7,000,000, kununua nyumba ya kuishi. Hiyo ni pesa ya uzeeni, kwa hiyo apige hesabu ya uzee pia.

Njia nyingine ni kuzungumza na muuzaji. Asilimia 10 ni desturi, si amri. Amana inaweza kupunguzwa, kugawanywa mara mbili, au muda wa kumaliza kuongezwa, mradi iandikwe. Mnunuzi anayeambiwa ofa inaisha Jumapili na hakuna nafasi ya kuuliza, huyo tayari amepewa jibu kuhusu muuzaji wake.

Anayelazimika kukopa kwa simu ahakikishe mkopeshaji ana leseni. Tangu kanuni za 2022, wakopeshaji wa kidijitali wanaohusika na kanuni hizo wanatakiwa kupata leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na Benki Kuu hutangaza orodha ya walioidhinishwa.

Kabla ya shilingi ya kwanza kutoka

Iwe pesa ni za akiba au za mkopo, mpangilio ni huu.

Upekuzi rasmi wa hatimiliki hutangulia amana. Hufanywa katika ofisi ya usajili wa ardhi au kwa mtandao kupitia eCitizen au Ardhisasa, kutegemea mahali ardhi ilipo. Huonyesha mmiliki ni nani, na kama kuna rehani au zuio. Nakala ya hati anayoonyesha dalali si upekuzi.

Kisha ni kufika shambani na kuuliza majirani, wazee na chifu. Halafu ni kuuliza ofisi za kaunti kama kodi ya ardhi imelipwa na mipango inaruhusu matumizi gani mahali hapo. Ikumbukwe kwamba usajili wa hatimiliki uko chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti inashughulikia kodi ya ardhi, mipango na idhini za ujenzi. Ofisi zote mbili zitembelewe.

Kisha ni mkataba. Sheria ya Mikataba inataka mkataba wa ardhi uwe kwa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kushuhudiwa. Makubaliano ya mdomo na ujumbe wa simu hayatoshi.

Amana huja mwisho, nayo ikae kwa wakili kama mwaminifu wa pande zote mbili hadi shughuli ikamilike, isiende moja kwa moja mfukoni mwa muuzaji au dalali. Akikopa ili kuilipa, mnunuzi aandike tarehe mbili kwenye karatasi moja: siku deni linapoiva, na siku hatimiliki inapotarajiwa. Ikiwa deni linaiva kwanza na hajui atalilipa na nini, siku ya kulipa amana bado haijafika.

Karatasi hiyo aionyeshe mwenzake wa nyumbani kabla ya kuionyesha benki.