Simu Haina Miguu



Tumetakiwa tuseme machache juu ya vyombo vipya vya utibabu, simu na kompyuta, na vipi vyaweza kuwafaa wananchi wa Unguja. Hatukuja kuvisifu bure wala kuvitukana. Twauliza suali moja tu: vyamfikia nani?

Suali hili si geni hapa. Kila apitaye Malindi kando ya bahari alijua jengo la Tharia Topan, lililowekewa jiwe la msingi mwaka 1887, likaja kuwa zahanati. Utibabu wa kigeni ulishuka bandarini, na kwa muda mrefu ulikaa karibu na bandari. Baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu yalitangazwa kuwa bure, na vituo vya afya vikaenea shamba. Lakini masafa na nauli havifutiki kwa tangazo.

Sasa tuitazame simu. Mwaka 2009 na 2010 ulifanywa hapa Unguja utafiti ulioitwa Wired Mothers. Waliingizwa waja wazito 2,550 wa vituo 24, wenye simu na wasio na simu. Baadhi yao walipelekewa ujumbe wa kuwakumbusha siku za kliniki, na wakapewa vocha ya kumpigia mkunga. Katika hao, 60 kwa kila mia walijifungua mikononi mwa mtu aliyesomea kazi hiyo. Katika wenzao wasiosaidiwa, 47 kwa kila mia. Hii ni faida kubwa, na hatuikatai.

Lakini, ndugu zetu, hesabu hiyo ina upande wa pili. Faida ile ilionekana kwa kina mama wa mjini. Kwa kina mama wa shamba haikuthibitika. Sisi hatuoni ajabu. Simu yaweza kumwambia mama wa shamba aende hospitali. Haiwezi kumletea gari saa nane za usiku, wala kumwekea nauli mkobani. Simu haina miguu.

Je, tuseme basi kwamba vyombo hivi ni vya watu wa mjini? La, hasha! Tazameni kazi ya malaria. Tangu 2008 vituo vyetu vilianza kupeleka kwa simu, kila wiki, hesabu ya wagonjwa wa malaria. Tangu 2012 likaongezwa jambo lenye maana zaidi: khabari ya mgonjwa ikifika, afisa wa wilaya humfuata mpaka nyumbani kwake, akawapima waliomo. Kwa kazi hiyo, pamoja na dawa, vyandarua na kupiga dawa majumbani, wenye malaria walibaki chini ya mmoja kwa kila watu mia. Na wagonjwa walipoongezeka ghafula mwishoni mwa 2023, tulikumbushwa kwamba adui huyu hajahama. Hapa simu ilifaa kwa sababu nyuma yake alikuwapo mtu mwenye kutembea.

Fikra hiyo hiyo imo katika mpango wa Uzazi Salama, ulioanza 2011, na katika Jamii ni Afya, ambao Wizara ya Afya imeueneza wilaya zote za Unguja na Pemba pamoja na shirika la D-tree. Mtu wa kujitolea wa shehia hiyo hiyo huingia nyumba kwa nyumba na simu mkononi. Simu humwongoza cha kumwuliza mja mzito na mama wa mtoto mdogo, na humwonyesha dalili za khatari. Wako zaidi ya 2,000, nao ndio miguu ya simu.

Basi hao nani awatunze? Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huwa na safari yake. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na nchi nyingi za Afrika zikajikuta zinahesabu dawa kwenye rafu. Mwenye afya ya kuazima hulala jicho moja wazi.

Kwa hivyo twataka mambo matatu. Kwanza, mtu wa kujitolea apewe posho ya kueleweka kutoka bajeti yetu wenyewe, maana kujitolea hakujazi chungu. Pili, kila simu inayomwita mama hospitali ifuatane na gari na nauli. Tatu, hesabu za afya zitolewe mbalimbali, mjini peke yake na shamba peke yake, ili faida ya Mji Mkongwe isifunike hasara ya kijiji.

Chombo kipya tutakikaribisha. Lakini tutakipima kwa mama wa kijiji cha mwisho wa barabara, siyo kwa aliye jirani na Mnazi Mmoja.