Embe na Parachichi: Lini Tuchume?

Leo tuzungumzie kuchuma matunda ya nyumbani, maana mengi huharibika siku ile ile ya kuchumwa.

Embe lililokomaa hujaa mabegani, pale kwenye kikonyo, na nyama yake huanza kugeuka manjano hata ganda likiwa bado kijani. Usitikise mti! Tumia upembo wenye mfuko, au panda ngazi, ukate ukibakiza kikonyo. Utomvu ukimwagikia ganda huliunguza na kuacha madoa meusi. Yaliyoanguka yatenge, huoza upesi.

Parachichi ni jambo jingine kabisa: haliivi likiwa mtini. Kulibonyeza tawini hakukuambii kitu. Chuma mawili matatu yaliyo makubwa, uyaweke ndani wiki moja hadi mbili. Yakilainika sawasawa, anza kuvuna. Yakisinyaa na kubaki kama mpira, subiri. Mnunuzi akija na haraka zake, nakusihi, usimkubalie. Parachichi changa halina mafuta ya kutosha, na hata ukilivundika halipati ladha.

Peasi nazo zichume zingali ngumu, uziivishe ndani.