Dizeli ya Laki Nne



Chuo hiki cha Mzumbe kilianza mwaka 1953 kikiwafunza machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Aliyetoka hapa alijua mwajiri wake ni nani. Ninyi wahitimu mtatuma barua Sekretarieti ya Ajira, na mkisubiri majibu mtabisha hodi kwenye asasi zisizo za kiserikali, na shahada ileile ya Utawala wa Umma mkononi.

Mimi ndivyo nilivyofanya. Asasi ndogo ya maji vijijini ilinichukua nikiwa najivunia kasma zangu na namna ya kurejesha masurufu. Mwezi wa tatu, gari la mradi wa visima likaishiwa dizeli. Nikachota laki nne kwenye fedha za vyoo vya shule. Kijiji ni kilekile, watoto ni walewale, kosa liko wapi? Mkaguzi alipofika aliuliza swali moja tu: "Mfadhili wa vyoo alikuruhusu?" Ikabidi hela zirudi. Wajumbe wa bodi, mwalimu mstaafu, muuguzi na muuza mbao, wakachangishana kutoka mifukoni mwao. Muuza mbao hakunisema hata neno. Heri angenisema.

Serikalini fungu hupitishwa na Bunge, na kodi hulipwa kwa sheria. Asasi haina wa kumlazimisha. Anayetoa leo, kesho anaweza asitoe. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, waliotegemea mfuko huo mmoja walipewa barua za kusitishiwa kazi. Kwa hiyo popote panapofundishwa utawala wa umma, uendeshaji wa asasi usiachwe kuwa somo la hiari, la kujazia ratiba.

Na wewe unayekwenda halmashauri usidhani umepona. Afisa maendeleo ya jamii ndiye msajili msaidizi wa asasi wilayani. Iko siku akina mama watakuletea katiba ya kurasa nane iliyochapwa steshenari, jina la mwekahazina limefutwa mara mbili kwa wino mweupe. Mhuri utakuwa karibu na mkono wako. Uache kwanza, wavutie benchi, uwaulize yule wa kwanza alifutwa kwa nini.