UBAO ULIOINAMA
(Mazungumzo na vijana, Siku ya Wanafunzi wa Zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya fizikia. Mimi baada ya kuondoka hapa niliajiriwa utingo wa lori, na fizikia yangu niliipata huko.

Pipa la dizeli la lita 200 lina uzito wa karibu kilo 185. Sakafu ya lori letu ilikuwa mita 1.2 kutoka ardhini. Watu wawili hawalinyanyui. Lakini wakiegemeza ubao wa mita 3.6 na kulibingirisha, wanasukuma theluthi moja tu ya uzito ule, kama kilo 62, kwa kuwa ubao ni mara tatu ya kimo. Cha bure hakuna: njia nayo ni mara tatu.

Siku moja, kwa haraka, mimi na mwenzangu tukachukua ubao wa mita 1.8. Hapo tulisukuma theluthi mbili, zaidi ya kilo 120. Katikati mikono ikaisha nguvu, pipa likarudi. Mimi niliruka, mwenzangu lilimpita mguuni. Alilazwa miezi miwili, na mpaka leo anachechemea. Ubao mrefu ulikuwapo, hatua ishirini tu kutoka pale.

Baadaye dereva mmoja mzee alitufundisha kamba. Unafunga ncha za kamba mbili juu ya lori, unazipitisha chini ya pipa, kisha unavuta ncha za pili ukiwa juu. Nguvu inayotakiwa hupungua tena nusu, wala hakuna mtu anayesimama nyuma ya pipa.

Barabara ya Kitonga, mkoani Iringa, ni ubao huo huo: inajikunja kona kwa kona ili lori lipande kidogo kidogo. Parafujo nayo ni mwinamo uliozungushwa, na shoka ni miinamo miwili iliyokutana kwenye makali. Hayo mwalimu wenu atayaeleza vizuri kuliko mimi.

Linaloniuma ni ukumbi huu. Asubuhi mwenzetu wa darasa langu amekuja kwa kiti cha magurudumu. Tumembeba watu wanne kupandisha ngazi tatu, kama gunia, naye anacheka ili sisi tusione haya. Nimezipima kwa futi: kila ngazi sentimita 15, jumla 45. Kipimo cha wajenzi kwa njia ya kiti kama kile ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Basi tunahitaji mita 5.4. Nafasi ipo mbele ya mlango, tukiliondoa lile duara la maua ambalo, nakiri, tulilipanda sisi.

Vibarua hatuhitaji, vijana mpo. Inatakiwa simenti, mchanga na kokoto. Kofia inaanza kupita sasa hivi, nami naandikisha mifuko mitatu.