Asubuhi ya Mzazi Huanza Usiku

(Mawaidha kwa wazazi vijana)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Mama zangu, baba zangu na ndugu zangu vijana, nimeombwa nizungumze juu ya asubuhi ya mzazi mwenye kazi na watoto wa shule. Amepokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Sakhr al-Ghamidi kwamba Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika mapema ya siku. Sakhr huyu alikuwa mfanyabiashara. Akawa akiwatuma watu wake na bidhaa mwanzo wa mchana, na mali yake ikakua. Yaani hakuisikia dua akakaa kungojea, aliipangia kazi.

Kwetu Pwani alfajiri huingia saa kumi na moja hivi, na jua hutoka kama saa moja na robo baadaye. Muda huo ndio mtaji wetu. Na mwezi huu tumeshaamka kwa daku, tumeshaswali. Kisha twafanya nini? Twarudi kitandani! Tunaamshwa na honi ya basi la shule, soksi ya mtoto haionekani, mama apiga kelele, baba atafuta funguo.

Haya yanatengenezwa usiku. Tarawehe imekwisha saa tatu, wengine twakaa barazani mpaka saa sita, kahawa mkono huu, simu mkono huu. Abu Barza (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Mtu aliyelala saa sita akirudi kulala baada ya alfajiri, simlaumu sana, mwili wadai haki yake. Nalaumu ile baraza.

Na hapa nataka kusema na wanaume. Nyumba nyingi mama huamka saa tisa peke yake, apike daku, aamshe watu, aoshe vyombo, avalishe watoto, na yeye pia yuafunga na ana kazi ya kwenda. Baba huamshwa chakula kishapakuliwa. Bi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani. Akajibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake, na swala ikifika akitoka kwenda kuswali. Basi kaka yangu, wewe una shughuli gani kumshinda Mtume? (Naona kina mama wanacheka.) Gawaneni: mmoja daku, mmoja watoto.

Usiku kabla ya kulala, mbaazi ziwe zimechemshwa, sare zimepigwa pasi, maana stima haina ahadi, na mikoba iwe mlangoni. Mkifanya hivyo hakuna haja ya kuamka saa tisa. Daku ya sunna ni ya kuchelewesha: Zaid bin Thabit (r.a.) alisema baina ya daku yao na Mtume na swala palikuwa na kadiri ya kusoma aya hamsini. Saa kumi na robo yatosha, na umejipatia saa nzima ya usingizi.

Baada ya alfajiri, dakika kumi za Qur'ani pamoja na watoto walioamka. Kumi tu, msiwachoshe. Kisha kila mmoja ashike kazi moja nzito: mwenye duka aandike hesabu zake, mwanafunzi afungue kitabu. Simu ibaki chumbani mpaka jua litoke, kwani hapo ndipo wengi wanapopotezea mtaji wote. Watoto waoge kwa zamu, mkubwa aanze, na wadogo wasiofunga wapewe chai na kiamsha kinywa kama siku zote. Adhuhuri, ukipata nafasi, lala kidogo, qailula nayo ni sunna.

Mama mwenye kitoto kichanga kinacholia usiku kucha, na baba anayetoka lindoni alfajiri, hao hesabu yao ni nyingine. Wao walale, na aliyepumzika awashikie nyumba.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.