Nani Anamjibu Mgonjwa?



Nimeombwa nizungumzie wagonjwa na taarifa za afya wanazozitafuta mtandaoni. Mara nyingi mada hii huendeshwa kama kesi, na mshtakiwa ni mgonjwa: anajitibu kwa simu, anamfundisha daktari kazi, anaamini kila anachosoma. Leo nasimama upande wake. Mtu aliyejibiwa akaridhika hakeshi na simu mkononi.

Kachukueni kadi ya kliniki mliyonayo nyumbani muisome. UTI. PUD. HTN. Kisha jina la dawa, na 1x3 au 1x2. Yote kwa mkato, yote kwa Kiingereza, ingawa ni maambukizi ya njia ya mkojo, vidonda vya tumbo na presha tu. Daktari ana foleni mlangoni, mgonjwa anaona haya kuuliza, anatoka na dawa zake kwenye bahasha. Maswali yanamjia akiwa nyumbani: nikipata nafuu kabla dozi haijaisha, niache? Hii ni ya maisha? Mume wangu naye apimwe? Basi anaipiga kadi picha, anamtumia mpwa wake aliyesoma, na mpwa anaziandika herufi zile tatu kwenye simu.

Akiandika kwa Kiswahili "UTI sugu" au "dawa ya vidonda vya tumbo", aghalabu wanaomjibu kwanza ni wauzaji. Maelezo yao huanza vizuri. Dalili zimepangwa, nyingine ni za kweli, lugha ni nyepesi, msomaji anaitwa ndugu yangu. Kisha orodha inarefushwa mpaka imguse kila mtu: uchovu, kiuno kuuma, kukosa usingizi, kukosa hamu. Mwisho kabisa ipo namba ya WhatsApp na bei ya dozi. Nawaomba wahudumu wa afya msimcheke anayepiga namba ile. Muuzaji yule anapokea simu saa nne usiku, anasikiliza, na anajibu kwa lugha ambayo mgonjwa anaugulia.

Mkoa huu wa Arusha una kumbukumbu yake katika jambo hili. Machi 2011 magari yalijipanga kilomita kwa kilomita kuelekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Masapila, aliyejulikana nchi nzima kama Babu. Kikombe kimoja, shilingi 500. Dawa ilichemshwa kutokana na mti wa mugariga, ambao nyinyi wanachuo wa misitu mnaujua kwa jina la kitaalamu la Carissa, na wazee wetu wanauita olamuriaki. Watu walivuka mpaka kutoka Kenya. Wengine walitolewa wodini, na wapo waliofia kwenye foleni. Simu janja zilikuwa bado za wachache. Habari zilikwenda kwa redio, magazeti na ujumbe mfupi, na kuliko vyote kwa ushuhuda: shangazi amekunywa, sukari imeshuka.

Tazameni walikwenda na maradhi gani. Kisukari, presha, saratani, UKIMWI. Mengi ni maradhi ambayo hospitali humwambia mtu ameze dawa mpaka mwisho wa uhai wake, na mara nyingi huishia hapo, bila kumweleza dawa inafanya nini mwilini wala kwa nini asiiache siku anapojisikia vizuri. Babu alifariki Julai 2021, lakini njia iliyowapeleka watu Samunge ipo, imehamia mtandaoni. Ushuhuda una upungufu mmoja mkubwa ambao ningependa ufundishwe tangu shule ya msingi: aliyepata nafuu husimulia, aliyeacha vidonge akafa hasimulii. Ukisoma shuhuda mia moja, umewasikia waliobaki.

Hata hivyo, uongo wa wauzaji si jambo linaloniumiza zaidi. Linaloniumiza ni taarifa sahihi iliyotua mahali pasipo pake, na hapa kwenye Mlima Meru tunao mfano wake midomoni mwa watoto wetu.

Mama anaona meno ya mwanawe yametoka na madoa ya kahawia. Anatafuta. Anaambiwa apige mswaki mara mbili kwa siku, kwa dawa yenye floridi. Ushauri huo umeandikwa na watu wanaojua kazi yao, ila wanaandika kuhusu kuzuia meno kuoza, si kuhusu madoa ya floridi iliyozidi. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ulianza kuongeza floridi kwenye maji ya bomba ili kuzuia meno kuoza, na mwaka 2015 Marekani ilipendekeza miligramu 0.7 kwa lita. Lakini Meru ni mlima wa volkano. Miamba yake inatoa floridi yenyewe, kiasi kwamba chemchemi na visima vingi kuuzunguka vinapita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Madoa yale yaliingia jino likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi, na mswaki hauyatoi, hata ukisugua kwa mkaa au kwa magadi. Floridi ikizidi sana kwa miaka mingi, huingia mifupani, na miguu ya mtoto huweza kupinda.

Mama yule akiendelea kutafuta, ataambiwa achemshe maji. Kuchemsha kunaua vijidudu, na aendelee kuchemsha kwa sababu hiyo. Floridi lakini haitoki na mvuke: maji yanapungua, yenyewe inabaki sufuriani. Wala si rahisi asome kuhusu magadi anayotia kwenye maharage na makande, ambayo nayo huweza kubeba floridi nyingi. Majibu yanayomfaa yapo jirani. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ila elimu hiyo imelala zaidi kwenye ripoti na majarida ya Kiingereza, na mama hana sababu ya kujua kwamba ipo.

Kumjibu mgonjwa kwa Kiswahili kunawezekana, na tumekwisha kuonyesha. Mwaka 2012 Wizara ya Afya na washirika wake walianzisha kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001, bila malipo, kwa simu yoyote hata ya kitochi, naye akapokea ujumbe unaolingana na umri wa mimba yake. Haukuhitaji bando wala kujua kutafuta. Ipo pia namba 199 ya Wizara, ya kupiga na kuuliza. Napenda mambo haya kwa sababu mjuzi ndiye anayemjibu mgonjwa.

Sasa zimekuja programu za akili unde zinazojibu kwa Kiswahili fasaha na kwa upole. Zimejifunza kutokana na maandishi yaliyopo. Kama sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kwa Kiswahili kuhusu kibofu na tumbo ni ya wauzaji, zinaweza kuyarudia baadhi yake. Kwa hiyo nina maombi mawili. Wahudumu wa afya: andikeni mistari miwili ya Kiswahili chini ya kila kadi, ugonjwa ni nini na dawa inaishia lini, kisha mumuulize mgonjwa amesoma nini mtandaoni, mumsikilize mpaka amalize. Wanachuo: nyinyi ndio walinzi wa vyanzo vya maji ya mlima huu. Kila chemchemi inayopimwa floridi, kiasi chake kiandikwe kwenye kibao pale pale inapochotwa, kwa Kiswahili na kwa Kimaa, pamoja na tarehe ya kipimo, na hicho hicho kiwekwe mtandaoni kwa jina la kijiji, ili mama wa hapa Olmotonyi akiuliza kuhusu meno ya mwanawe ajibiwe kwa maji ya Olmotonyi.