Mwaka Mmoja wa Shule: Mzazi na Masomo ya Mtoto



Swali la kama mzazi anachangia maendeleo ya mtoto darasani limeshajibiwa hapa Kagera, tena kwa msiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walipita kwenye kaya zaidi ya 900 za mkoa huu, wakauliza nani yu hai, nani anasoma, wakapima hata urefu wa watoto. Mwaka 2004 wakarudi kuwatafuta walewale. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliwafuatilia watoto ambao mwanzoni walikuwa na wazazi wote wawili. Waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walipungukiwa urefu kwa wastani wa sentimita 2, na masomo kwa mwaka mmoja.

Mwaka mmoja mzima wa shule. Na watoto wetu hatukuwatupa. Bibi, shangazi na baba wadogo waliwachukua, wakawalaza, wakawalisha. Ninavyoamini mimi, kilichopotea ni yule mtu wa kuuliza kila siku: daftari la hesabu liko wapi, na mbona leo umerudi mapema?

Hapa Hamugembe ninamfahamu bibi anayelea wajukuu watatu. Hajui kusoma. Jioni hukaa akimenya ndizi, utomvu umemganda vidoleni, na mjukuu mmoja humsomea kwa sauti. Akisitasita huambiwa, “Rudia hapo, mjukuu wangu.” Nilimuuliza anajuaje kama mtoto amekosea. Akasema maneno yakisomwa sawasawa humwingia, yakisomwa ovyo hayamwingii. Kisha akanifunulia daftari. Alama ya vema anaijua, ya kosa anaijua, ila kinachomnyima raha ni ukurasa usio na wino mwekundu kabisa, maana mwalimu hajaupitia.

Kwa hiyo mzazi anayeniambia, “Mimi niliishia darasa la nne, nitamsaidia nini mtoto wa sekondari anayesoma kwa Kiingereza?” namheshimu, lakini simkubalii.

Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulifuta ada na michango kuanzia Januari 2016, na watoto wengi waliokuwa nyumbani wakapata nafasi. Nilishangilia, na sijabadili mawazo. Lakini wapo wazazi waliosikia “bila malipo” wakaelewa “bila mimi.” Waraka Namba 3 wa 2016 ulitaja wazi yaliyobaki kwa mzazi: sare, madaftari, chakula, matibabu. Kumkagua mtoto jioni hakuhitaji waraka.

Na sisi walimu tuna deni letu. Mzazi tunamwita shuleni mara ngapi ili tu kumsifia mwanawe? Barua ikifika nyumbani, baba anajua kuna kosa au kuna mchango. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambako wazazi walisomewa orodha ya wanaodaiwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyetaja kusoma wala kuandika. Wasiporudi kikao kinachofuata, tunasema hawajali!

Hata hivyo, yapo yaliyo mikononi mwa mzazi peke yake. Tazameni msimu wa senene, mwezi wa Novemba. Taa zinawashwa, mji mzima unakesha, na mtoto anakimbia na ndoo hadi usiku wa manane. Senene ni furaha yetu na ni fedha ya nyumbani. Lakini anayeamua mtoto aokote hadi saa tatu au hadi alfajiri ni mzazi, na kesho yake asubuhi mwalimu anafundisha aliyelala juu ya dawati.

Bibi yule alikwenda shuleni mwaka jana bila kuitwa, daftari lenye kurasa nne tupu akiwa amelifunga ndani ya khanga. Mwalimu alikuwa na darasa lililofurika. Alilipokea, akaomba radhi, “Samahani bibi,” akalisahihisha palepale mlangoni, wote wawili wamesimama.